Carina Ti inazima ghafla ikishapata moto, ikipoa inawaka tena. Mafundi watatu wameshindwa, nisaidieni

#1 Msafiri wa Suka
Habari za jioni wakuu.

Nina Carina Ti ya mwaka 1999, injini 5A, otomatiki, niliinunua mkononi mwa mtu miaka minne iliyopita. Tangu mwezi wa kwanza imeanza kuzima ghafla. Haikohoi, haimisi, haitoi dalili yoyote, ni kama mtu amezungusha funguo. Alfajiri natoka Kimara Suka saa 11 na nusu, nafika Kariakoo salama. Kasheshe ni kurudi. Jioni, foleni ya Magomeni, AC imewashwa, nikifika Manzese au Ubungo inazima. Napiga stata, injini inazunguka vizuri, betri ina nguvu, lakini haishiki. Vijana wananisukuma pembeni, nakaa dakika 20 mpaka 30, nikijaribu tena inawaka kwa stata moja. Kuna siku inazima mara mbili. Kuna wiki nzima haizimi kabisa.

Nimeshabadilisha betri, plagi zote nne, waya za plagi, filta ya mafuta na pampu ya mafuta (used). Nimeshapita laki nne na nusu. Kila fundi na lake. Wiki iliyopita imezima nikiwa na mama yangu, tunatoka kliniki, juu ya daraja la Ubungo katikati ya malori. Siku hiyo niliogopa kweli. Taa ya injini haijawahi kuwaka hata siku moja. Hiki ni kitu gani jamani?

#2 Tulia Tegeta
Ngoja wataalamu waje. Mpe pole mama.

#3 Tanki Robo
Pampu hiyo mkuu. Umeng'oa mbovu ukaweka used, nani amekuambia ya pili ni nzima? Pampu ya mafuta imekaa ndani ya tanki na inapozwa na mafuta yenyewe. Ukitembea na taa ya mafuta inawaka, mafuta ya elfu kumi kumi, pampu inachemka, inagoma. Ikipoa inarudi kazini. Dalili zako zote ziko hapo. Unaweka mafuta ya shilingi ngapi?

#4 Fundi Umeme TMK
Mkuu #1 pole. Mimi nafanya umeme wa magari Temeke, hizi 5A zimepita nyingi mikononi mwangu. Gari inayozima bila kukohoa imekatika moto wa plagi, haijakosa mafuta. Mafuta yakikosekana gari huanza kuvuta, inakosa nguvu, inatikisika, halafu ndiyo inazima. Moto ukikatika ni pa! kimya.

Fungua distribyuta (kifaa kinachogawa moto kwenye plagi). Ndani kuna koili ndogo inayosoma mzunguko wa injini na kupeleka ishara kwenye kontrol boksi (kompyuta ya injini). Kuna koili kubwa ya kuzalisha moto, na kuna ignaita (swichi ya umeme inayoiwasha na kuizima koili hiyo), ambayo magari mengine iko humo humo ndani na mengine iko pembeni. Vitu hivi vikizeeka vinakatika ndani kwa ndani vikipata joto, vikipoa vinagusana tena. Ukimpelekea fundi gari imepoa atapima na kukwambia kila kitu kizima, wala hakudanganyi, maana saa hiyo ni kizima kweli.

#5 Dereva wa Zamani
Nimeendesha teksi Dar tangu enzi za Corolla KE70, kwa hiyo naomba mnisikilize. Kabla hujafungua distribyuta, tazama funguo zako. Umening'iniza nini hapo? Funguo ya nyumba, ya geti, ya ofisi, na kufuli la duka? Mzigo ule unachezea swichi ya funguo miaka 25, kopa za ndani (vigusio vya kupitisha umeme) zinalika. Ukiruka tuta au ukipata joto zinaachia. Mimi niliteswa na kitu hicho miezi saba, swichi yenyewe ikaja kunigharimu elfu 35 tu.

#6 Msafiri wa Suka
Asanteni sana. @Tanki Robo siendeshi chini ya nusu tanki, huo ni mwiko wangu. @Dereva wa Zamani shikamoo mzee wangu, funguo ziko saba kwenye pete moja, pamoja na ya duka. Ila mbona inazima ikiwa imesimama kwenye foleni, hakuna tuta wala shimo?

#7 Dereva wa Zamani
Marahaba. Toa hizo sita leo hii, baki na moja. Joto nalo linatosha kuachanisha kopa.

#8 Kijana wa Mwenge
Kupima pampu ni rahisi. Gari ikizima, weka funguo ON bila kupiga stata, tega sikio siti ya nyuma. Usiposikia mlio wa sekunde mbili, pampu imekufa.

#9 Mitaa ya Gerezani
@Kijana wa Mwenge hapo utamfanya mtu anunue pampu ya tatu. Toyota nyingi za miaka hiyo pampu hailii ukiweka ON. Inaanza kufanya kazi unapopiga stata, halafu inaendelea pale tu kontrol boksi inapoona injini inazunguka. Ukitaka kuisikia, fungua kile kiboksi cheusi chenye kifuniko kwenye boneti, unganisha tundu la FP na la +B kwa kipande cha waya, weka ON. Hapo italia mfululizo. Na kama una geji ya presha, ukichomoa mpira wa vakyumu kwenye regyuleta (kidhibiti cha presha ya mafuta) unatakiwa uone PSI 38 mpaka 44.

Halafu hata ukikuta pampu imenyamaza, usihukumu pampu. Ishara ya distribyuta ikikatika, rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) inaizima pampu pia. Kwa hiyo @Tanki Robo na @Fundi Umeme TMK wanaweza kuwa wanagombana juu ya kitu kimoja.

#10 Kijana wa Mwenge
Nimepokea. Ya kwangu ni Vitz, ndiyo maana.

#11 Dada wa Segerea
Naleta kisa changu maana kimefanana sana. Nilikuwa na Corolla 110, inazima Tabata Relini, inazima Buguruni, inazima popote inapotaka. Nilibadilisha distribyuta (nzima!), nikabadilisha kontrol boksi ya mtumba, nikasafisha injekta. Gari iko vilevile. Siku moja kijana wa kufunga redio ananifungulia kava chini ya usukani, anakuta fundo la nyaya limefungwa tepu nyeusi, katikati kuna rilei. Ilikuwa katauti ya alamu, yaani kifaa cha kukata umeme wa injini gari ikiibwa. Aliyeniuzia gari alifunga alamu ya wizi zamani, rimoti ikapotea, akaacha mambo hivyo hivyo. Rilei ile ilikuwa imewekwa kwenye waya wa moto wa injini. Ikichoka au ikipata joto, inaachia. Yule kijana aliitoa, akaunganisha waya kama ulivyotoka kiwandani. Nilimlipa elfu 15. Gari ile nimekaa nayo miaka mitatu mingine bila kuzima, na kila nikikumbuka pesa niliyoichoma kabla ya hapo moyo unaniuma mpaka leo.

Mkuu #1, gari yako iliwahi kuwa na alamu?

#12 Mpemba wa Kigamboni
Waya wa ethi (hasi) kaka. Sisi huku na upepo wa chumvi, waya kutoka betri kwenda bodi na ule wa injini huota kijani ndani ya mpira, kwa nje hauoni kitu. Safisha zote kwa msasa kwanza. Ni bure.

#13 Mbwana Foleni
Mbona ni Manzese na Ubungo tu? Hapo pana kitu. Pita barabara ya Mandela siku mbili uone.

#14 Mitaa ya Gerezani
@Mbwana Foleni hapo hapahusiki, zinazohusika ni dakika. Kutoka Kariakoo mpaka Manzese jioni ni dakika 40 mpaka saa nzima, gari inatambaa, hakuna upepo unaoingia kwenye boneti, AC inaongeza joto. Alfajiri njia nyeupe, upepo upo, ndiyo maana haizimi. Akipita Mandela foleni ile ile, itamzimia TAZARA.

#15 Mama Ushauri
Mmesahau mafuta machafu. Vituo vingine wanachanganya. Gari yangu iliwahi kuzima zima hivyo kwa mafuta yenye maji.

#16 Tanki Robo
Mama Ushauri, kuchanganya mafuta ya taa kulipungua sana kodi yake ilipopandishwa kwenye bajeti ya 2011, maana faida iliisha. Na vinasaba, ile alama ya kugundua mafuta yaliyochanganywa, vilianza kuwekwa 2010. Ila maji kwenye tanki bado yapo, hasa masika.

#17 Fundi Umeme TMK
Maji hayasubiri jioni, yangemsumbua hata alfajiri. Na hayaponi kwa kukaa dakika 20 kando ya barabara.

#18 Tanki Robo
Sawa. Basi na mfuniko wa tanki tusiusahau. Tundu lake la hewa likiziba, tanki linashindwa kuvuta hewa, mafuta yanazuiwa. Ikizima tena, fungua mfuniko kwanza. Ukisikia fyuuu kubwa ya hewa kuingia na gari ikawaka, tatizo umelipata bila senti tano.

#19 Mzee wa Kodi
Mkuu #1 nimerudia kusoma post yako mara mbili. Umesema taa ya injini haijawahi kuwaka hata siku moja. Una maana hata ukiweka ON kabla ya kupiga stata haiwaki? Inatakiwa iwake pale, kisha izime injini ikishawaka. Kama haiwaki kabisa, kuna mtu ameng'oa balbu ili akuuzie gari.

Taa hiyo ni muhimu kwa tatizo lako. Siku gari ikizima, weka ON uangalie taa hiyo kabla ya kitu kingine. Ikiwaka, kontrol boksi ina umeme, tafuta kwenye distribyuta na pampu. Isipowaka, kontrol boksi yenyewe haina umeme, na hapo unatafuta swichi ya funguo, rilei kuu ya EFI (mfumo wa kuingiza mafuta), au hiyo katauti ya Dada wa Segerea. Umegawanya kazi nusu kwa sekunde tano.

Halafu unganisha matundu ya TE1 na E1 kwa waya kwenye kile kiboksi cha boneti, weka ON, hesabu taa inavyopepesa. Moja na nne ni kodi 14 (kodi ni namba ya kosa), hiyo ni ishara ya ignaita. Moja na mbili au moja na tatu ni ishara ya mzunguko kutoka distribyuta. Mbili na mbili ni sensa ya joto la maji. Tatu na moja ni MAP sensa, ya presha ya hewa inayoingia kwenye injini. Ikipepesa haraka haraka bila kusimama, hakuna kodi iliyohifadhiwa. Mashine nyingi za kisasa za kusoma kodi haziongei na gari hizi, kwa hiyo fundi akikwambia "mashine imesema hakuna kitu" usishangae.

#20 Tulia Tegeta
Hii post ya Mzee wa Kodi ni ya kuhifadhi. Nimepiga picha ya skrini.

#21 Msafiri wa Suka
MREJESHO. Nimetoka nje sasa hivi na tochi ya simu. Taa haiwaki kabisa ukiweka ON! Miaka minne natembea nikijua gari yangu haina kosa. Kesho fundi wa mtaani anafungua dashibodi.

#22 Dada wa Segerea
Aliyekuuzia Mungu anamwona.

#23 Msafiri wa Suka
MREJESHO wa pili. Balbu ilikuwepo, imezungushiwa tepu nyeusi ikafunikwa. Tumeitoa tepu, taa inawaka. Tumeunganisha TE1 na E1 na mwanangu wa darasa la tano akihesabu kwa sauti. Moja, kimya, nne. Moja, kimya, nne. Kodi 14.

#24 Fundi Umeme TMK
Nilisema tangu #4. Ignaita au koili. @Tanki Robo uko wapi ndugu yangu, njoo tusalimiane.

#25 Tanki Robo
Nipo, sijakimbia. Kodi 14 inasema kontrol boksi haikupata jibu kutoka kwa ignaita, haijasema lini. Mafundi watatu wamepita hapo. Mmoja akichomoa soketi ya distribyuta akapiga stata kupima moto, kodi hiyo hiyo inaingia na kubaki. Futa kwanza: chomoa fyuzi ya EFI nusu dakika, rudisha, endesha. Ikizima tena, soma tena. Ikirudi 14 nitakuvulia kofia hapa hapa mbele ya watu.

#26 Mzee wa Kodi
Tanki Robo yuko sahihi hapo. Na betri ilibadilishwa, kwa hiyo kodi za zamani zilishafutika. Hiyo 14 imeingia baada ya betri mpya, lakini hatujui ni ya barabarani au ya gereji.

#27 Bingwa wa Kandoro
Njia yangu ya kupima joto: beba kandoro (maji ya mfuko) mbili zilizoganda kwenye kidumu cha barafu. Gari ikizima, toa funguo, bandika moja kwenye distribyuta kwa nje ikiwa imefungwa vizuri, isivuje. Dakika tatu nne. Ikiwaka badala ya kusubiri nusu saa, umepata kinachougua. Nilimkamata hivyo mgonjwa kwenye Starlet yangu, Mbagala Rangi Tatu, mchana wa mwezi wa pili.

#28 Mpemba wa Kigamboni
Kandoro! Kaka hiyo sijawahi kuisikia, lakini nimeielewa.

#29 Mbwana Foleni
Na kama haitazima utakunywa maji baridi, hasara hakuna.

#30 Msafiri wa Suka
Wakuu salaam, nimekaa kimya siku kumi na saba, naomba radhi. Mrejesho mrefu.

Nilifuta kodi. Siku ya nne ikazima Shekilango. Nikaweka ON, taa ya injini ikawaka, kwa hiyo kontrol boksi ilikuwa na umeme. Nikafungua mfuniko wa tanki, hakuna fyuuu. Nikabandika kandoro kwenye distribyuta. Nikahesabu dakika nne kwa saa, nikapiga stata, ikawaka! Mke wangu alipiga makofi pale barabarani. Nyumbani nikasoma kodi, 14 tena. Nikaenda kwenye maduka ya spea ya Gerezani, nikapata distribyuta used ikiwa kamili, laki moja na thelathini, tukafunga na kuseti taimingi.

Siku kumi na moja haikuzima. Foleni, AC, jua, kila kitu. Nilishaanza kuandika uzi wa kuwashukuru.

Jana jioni, Kimara Korogwe, ikazima. Lakini safari hii haikuwa kama zamani. Dashibodi nzima iliingia giza kwa sekunde moja hivi, redio ikakata, injini ikafa. Nilipozungusha funguo iliwaka hapo hapo, bila kusubiri. Leo asubuhi imefanya tena natoka getini, injini ya baridi.

#31 Tanki Robo
Kofia nimevua, @Fundi Umeme TMK. Kodi 14 ilirudi, na barafu imesema kweli. Lakini hii ya jana siyo yako.

#32 Dereva wa Zamani
Dashibodi giza na redio kukata ni swichi ya funguo. Hakuna kingine. Ulitoa zile funguo sita?

#33 Msafiri wa Suka
Nilitoa nne mzee.

#34 Mpemba wa Kigamboni
Au waya wa betri haukukazwa baada ya kufunga distribyuta. Fundi kawaida anatoa hasi ya betri kwanza. Ishike kwa mkono, ukiizungusha ikacheza, basi ni hiyo.

#35 Fundi Umeme TMK
Asante @Tanki Robo. Msafiri, huenda ulikuwa na magonjwa mawili tangu mwanzo, moja likafunika lingine. Zile siku ilipokuwa inazima mara mbili, ya pili ilikuwa inachukua nusu saa pia, au ilikuwa inawaka upesi?

#36 Msafiri wa Suka
Sasa nakumbuka, kuna mara mbili tatu iliwaka upesi. Nilidhani imepoa mapema.

Terminali nimeishika sasa hivi, haichezi. Nimesafisha na ethi zote mbili kwa msasa.

#37 Mzee wa Kodi
Chukua balbu ndogo yenye nyaya mbili, unganisha kwenye waya unaotoka swichi ya funguo, iweke mahali unapoiona ukiendesha. Ikizima pamoja na injini, umeme umekatikia kwenye swichi au kabla yake. Ikibaki inawaka, shuka chini kwenye rilei.

#38 Dada wa Segerea
Hujanijibu swali la #11. Iliwahi kuwa na alamu?

#39 Msafiri wa Suka
Dada yangu nisamehe, lilinipita. Alamu sijawahi kuitumia. Ila kuna kitaa chekundu kidogo kando ya usukani, kimezima tangu ninunue gari, nilidhani ni cha redio ya zamani.

#40 Dada wa Segerea
Hicho hicho. Changu kilikuwa kando ya usukani pia. Fungua kava la chini leo, usisubiri.

#41 Dereva wa Zamani
Swichi ya funguo. Nasubiri hapa.

#42 Msafiri wa Suka
Nimechungulia kwa tochi. Kuna fundo la nyaya lenye tepu nyeusi juu ya pedeli ya breki, limeshikana na soketi ya swichi ya funguo. Siligusi peke yangu. @Fundi Umeme TMK kama Jumamosi una nafasi, njoo Suka saa 3 asubuhi, gharama zako nalipa, na chai na chapati za mama zipo.

#43 Fundi Umeme TMK
Nakuja. Usiendeshe nayo Ijumaa na mama ndani.

#44 Tanki Robo
Na mimi naja, niko Mbezi kwa Msuguri. Naleta multimita na geji ya presha, ile pampu used bado siiamini.